Kompyuta Kigeugeu na Hesabu ya Unafuu

Kiswahili kiliitendea haki laptop kilipoiita kompyuta mpakato, yaani chombo cha kupakatwa mapajani kama apakatwavyo mtoto. Kilikitendea haki pia kishikwambi, kile kibao cha kushikwa mkononi ambacho Watanzania wengi walikizoea kupitia makarani wa Sensa ya mwaka 2022. Lakini kipo chombo cha tatu, kilicho baina ya hivyo viwili, ambacho bado hakijapata jina lililokubalika. Hicho ni kompyuta mpakato yenye skrini ya kugusa na bawaba zinazoiruhusu skrini hiyo kukunjwa nyuma hadi nyuzi 360, mpaka kompyuta igeuke kuwa kibao. Wauzaji wa Kariakoo huiita "tachi". Mimi nitaiita kompyuta kigeugeu, nikijua fika kwamba neno hilo lina mzigo wake. Katika siasa zetu kigeugeu ni yule aliyelala na chama hiki akaamkia chama kingine. Hadi mwisho wa makala haya, msomaji ataona ni nani hasa anayestahili jina hilo.

Wapo watakaoshangaa kwa nini ninaacha kuandika juu ya Katiba na Bunge na kuandika juu ya kompyuta. Jibu langu ni fupi. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu huomba mtandaoni. Mtumishi wa umma hujaza malengo na utekelezaji wake katika mfumo wa PEPMIS. Mzabuni hupita katika NeST, na mhitimu anayetafuta kazi serikalini hupita katika tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Dirisha alilokuwa akikaa karani limehamia kwenye skrini, na gharama ya skrini hiyo amebebeshwa mwananchi. Kwa hiyo swali la kompyuta ipi ni nafuu kweli kwa matumizi ya kila siku si swali la wapenda vifaa peke yao. Ni swali la nani anafika dirishani na nani anabaki nje.

Kwangu mimi swali hili lilikuja kwa njia ya kazi. Idara yetu iliunda kamati ndogo ya kupendekeza kompyuta 30 za kuazimwa na wanafunzi wasio na za kwao. Mmoja wa wajumbe alipendekeza kigeugeu, kwa hoja kwamba kwa bei ya chombo kimoja tutapata viwili: kompyuta ya kuandikia na kishikwambi cha kusomea. Hoja hiyo ilinivutia. Sikutaka hata hivyo kuiunga mkono wala kuipinga kwa kusoma vipeperushi vya wauzaji, nikaamua kununua mashine ya namna hiyo kwa fedha yangu na kuitumia muhula mzima.

Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwa shilingi 480,000. Jina la kampuni iliyoiunda silitaji, kwa kuwa haya nitakayoyasema yanazihusu mashine nyingi za daraja lake. Skrini ni ya inchi 11.6, yenye nukta 1366 kwa 768. Kichakato ni Intel Celeron N4100, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 2017. RAM ni ya GB 4 na hifadhi ni ya GB 64. Uzito wake unakaribia kilo moja na nusu. Kwenye mgongo wake yamebaki mabaki ya lebo ya mali ya shule moja ya Marekani. Hilo halishangazi, kwa maana mashine za aina hii ziliundwa kwa ajili ya watoto wa shule. Kingo zake zina mpira wa kupokea kishindo cha kuanguka, na kibodi yake inavumilia kumwagikiwa maji kidogo. Mtoto wa kule amekwisha kuhitimu, na mashine imevuka bahari kuja kuanza ajira ya pili.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kusoma. Mhadhiri husoma makala nyingi zilizopangwa kwa ukurasa wa A4, ambao una upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7. Skrini ya inchi 11.6 ikilazwa kama kawaida ina upana wa takriban sentimita 25.7 na kimo cha sentimita 14.4. Ukiujaza ukurasa katika upana huo unaona kama asilimia 40 tu yake, kisha unaanza kusogeza juu na chini. Ukiikunja mashine na kuisimamisha wima, ukurasa mzima unaingia, ila kwa ukubwa wa takriban theluthi mbili, na herufi za ukubwa wa 12 huonekana kama za 8. Kijana wa miaka 20 atazisoma bila taabu. Macho yangu yalilalamika baada ya nusu saa, na mikono ilitangulia kulalamika, kwa sababu kilo moja na nusu si uzito wa kushikwa hewani. Mezani, ikiwa imesimamishwa kama hema, ilikuwa rafiki mwema. Mkononi ilikuwa mzigo.

Jaribio la pili, la kusahihisha, ndilo lililoniridhisha kuliko yote. Nilikuwa na insha 87, kila moja yenye kurasa nane hivi. Hizo ni kurasa 696, na kwa shilingi 100 kwa ukurasa katika steshenari iliyo jirani na chuo, wanafunzi wangetumia jumla ya shilingi 69,600 kuzichapa ili tu mwalimu aandike maneno mawili pembeni. Safari hii walizituma kwa barua pepe, nami niliikunja mashine, nikachukua kalamu ya skrini na kusahihisha. Kioo kinateleza na mwandiko wangu uliharibika kidogo, lakini mwanafunzi alipata maoni marefu zaidi kuliko yale ninayoyaandika kwenye karatasi. Hapo kigeugeu kilijilipia sehemu ya gharama yake mbele ya macho yangu.

Jaribio la tatu halikupangwa na mimi bali na umeme. Ukiandika amri ya powercfg /batteryreport katika dirisha la amri la Windows, mashine hukuandalia taarifa inayoonyesha betri iliundwa kubeba kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani. Ya kwangu iliundwa kubeba saa-wati 42, na sasa inabeba 31.5, yaani robo ya uwezo wake imekwisha kuliwa. Kwa kuwa kichakato chake kinakula umeme kidogo, mashine nzima ilitumia wastani wa wati 7 nilipokuwa nikiandika, na hivyo ilinipa saa nne na nusu. Siku ambayo umeme hukatika asubuhi na kurudi mchana, muda huo unatosha. Namshauri kila anayenunua mashine iliyotumika aiombe taarifa hiyo dukani kabla hajatoa fedha. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Jaribio la nne lilikuwa la kasi, na hapo furaha ilipungua. Kuandika waraka mmoja huku kurasa nne za mtandao zikiwa wazi hakukuwa na shida. Kuhudhuria kikao cha video huku nikisoma waraka huohuo kulinifanya nisubiri kama anayesubiri daladala saa ya jioni. GB 4 za RAM ni finyu, na hifadhi ya GB 64 hujazwa upesi na masasisho ya programu kabla hata hujaweka kazi zako.

Nikafanya kile ambacho Mtanzania yeyote angefanya: nikaipeleka kwa fundi ili aongeze RAM. Aliifungua, akamulika kwa taa ya simu, kisha akaifunga pasipo kugusa kitu. "Mzee," aliniambia kwa upole, "RAM ya hii imechomelewa kwenye madabodi, na hifadhi pia. Hapa hatuongezi kitu." Hakudai hata senti.

Maneno ya fundi yule yalinifikirisha kuliko majaribio yote manne. Kijana yule anaweza kuifufua kompyuta iliyoungua, iliyomwagikiwa chai, hata iliyokanyagwa na pikipiki. Uchumi mzima wa mitaa yetu umejengwa juu ya imani kwamba kitu kikiharibika kinafunguliwa. Redio, baiskeli, pasi, cherehani na gari la mwaka 1995 vyote vinadumu kwa sababu vinafunguka. Mashine ambayo uwezo wake umefungwa kwa risasi ya kuchomelea siku ilipotoka kiwandani inamwondoa fundi katika hesabu, na kumwondoa fundi ni kumwondoa mwenye mashine pia.

Wazo la kompyuta nafuu inayogeuka si geni, na historia yake inafundisha. Mwezi Novemba 2005, katika mkutano wa kilele wa jamii-habari uliofanyika Tunis, Nicholas Negroponte alisimama pamoja na Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, wakaonyesha mfano wa kompyuta ya mtoto wa nchi maskini ambayo ingeuzwa kwa dola 100. Ilipotoka kiwandani mwaka 2007 ikiitwa XO, skrini yake ilizunguka shingoni na kulala juu ya kibodi ili mtoto asome kama kitabu, tena ilisomeka juani. Ilikuwa kigeugeu kabla ya vigeugeu vya leo. Bei yake haikuwahi kufika dola 100. Ilikaribia mara mbili ya hizo. Rwanda ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizoipokea kwa wingi. Nchini Peru, ambako mamia ya maelfu yaligawiwa, utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliochapishwa mwaka 2012 haukuona kwamba mashine hizo zilipandisha alama za watoto katika hisabati na lugha.

Wengi huitaja habari hiyo ili kusema kwamba maskini hahitaji kompyuta. Mimi naisoma vingine. XO iliundwa ili ifunguliwe na kutengenezwa hata na mtoto mwenye bisibisi, na programu zake zilikuwa huria. Kilichopungua ni walimu walioandaliwa, umeme, maudhui na bajeti ya miaka iliyofuata. Serikali zilinunua kifaa zikadhani zimenunua elimu. Kigeugeu cha leo kina kasi kubwa mara nyingi kuliko XO, lakini katika lile jambo la kufunguka tumerudi nyuma.

Huo ni mlango mmoja uliofungwa. Wa pili hauonekani kwa tochi ya fundi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 haikubali rasmi kila mashine: inadai RAM isiyopungua GB 4, hifadhi isiyopungua GB 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kichakato kilichomo katika orodha yake. Celeron N4100 ya kigeugeu changu imo katika orodha hiyo. Core i5 za kizazi cha sita, zilizojaa katika kompyuta za ofisini za mwaka 2016, hazimo, ingawa nyingi kati yake zinaishinda N4100 kwa kasi.

Tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyopinduka. Mashine dhaifu isiyofunguka imekubaliwa, na mashine yenye nguvu inayofunguka imekataliwa. Hata nyongeza ya mwaka mmoja ya masasisho ya usalama haikutolewa kwa mizani ileile. Watumiaji binafsi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, baada ya mashirika ya kutetea walaji kupaza sauti, waliipata bila malipo. Kwingineko waliambiwa walipe dola 30 au watimize masharti mengine, kama vile kuhifadhi mipangilio yao kwenye akaunti ya kampuni. Mlaji mwenye chama cha kumsemea alisikilizwa. Sisi hatukuwa mezani.

Haya yote yangebaki kuwa nadharia kama si mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza aliyebisha hodi ofisini. Alikuwa ameandika insha yake yote kwa simu, kwa kidole gumba. Mama yake alikopa shilingi 350,000 katika kikoba chao cha mtaani, na mkopo huo una riba. "Shikamoo Mwalimu," alisema, kisha akanionyesha picha mbili kwenye simu. Moja ilikuwa ya kigeugeu kama changu, kilichochubuka kidogo. Ya pili ilikuwa ya kompyuta ya kawaida ya mwaka 2016, ya inchi 14, yenye Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256. Bei ilikuwa moja. "Mwalimu, hii ya kugeuka ni nzuri. Lakini nataka kujua, itanifikisha mahafali?"

Sijapata kusikia kigezo cha tathmini kilicho bora kuliko hicho. Hakuuliza ipi ina kasi wala ipi inapendeza, aliuliza ipi itadumu mpaka deni la mama yake lizae kitu.

Tulikaa tukapiga hesabu. Kigeugeu kingempa kalamu, wepesi na Windows 11, lakini siku GB 4 zitakapomshinda, asingekuwa na la kufanya ila kununua kingine. Kompyuta ya pili ni nzito na skrini yake haigusiki, na ili iwe salama ingebidi awekewe Linux. Kwa upande mwingine fundi yeyote angeibadilishia betri, angeiongezea RAM na angeibadilishia diski. Nilimweleza pia ugumu wa njia hiyo: katika somo la takwimu wahadhiri wenzangu hufundisha kwa SPSS, naye angelazimika kutumia R au PSPP, ambazo ni za bure, au kwenda maabara ya chuo. Lugha isingekuwa kikwazo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, tangu mwaka 2004, wakati yeye hajazaliwa. Aliponiuliza nani atamsaidia akikwama, nilimwambia ukweli kwamba wiki za mwanzo zitamsumbua, na kwamba katika darasa lake wako vijana wawili wanaoitumia. Alichagua ile ya pili.

Je, hii ina maana kwamba kigeugeu hakifai? Hasha. Kwa mwalimu mwenye rundo la kusahihisha, kwa afisa ugani anayejaza fomu akiwa amesimama shambani, kwa mwanafunzi wa hisabati au kemia anayehitaji kuchora milinganyo kwa mkono, kugeuka kwake ni kazi halisi na si urembo. Nami ningali natumia changu. Ninachokataa ni kukiita nafuu kwa kutazama kibandiko cha bei peke yake. Chukua shilingi 480,000 nilizolipa. Zikigawanywa kwa miezi 48 ni shilingi 10,000 kwa mwezi; mashine ikikwama baada ya miezi 24, ni shilingi 20,000. Kompyuta inayofunguka niliyoikuta dukani kwa shilingi 550,000, ikiongezewa betri ya 70,000 na RAM ya 60,000, inafika 680,000. Ikidumu miaka mitano, kila mwezi inagharimu kama shilingi 11,300. Anayelinganisha bei za siku ya kwanza ataona tofauti ya shilingi 70,000 na kudhani ameokoa.

Ndiyo maana katika kamati sikupendekeza kukataa wala kukubali vigeugeu. Nilipendekeza vigezo vinne viandikwe kwenye maelezo ya zabuni kabla ya bei kutajwa: RAM na hifadhi ziwe za kuchomoka, betri iweze kubadilishwa kwa bisibisi ya kawaida, mtengenezaji aandike mpaka mwaka gani mashine itapata masasisho ya usalama, na chaja iwe ya USB-C, ili ikipotea isitafutwe nchi nzima. Kigeugeu kitakachotimiza hayo kinakaribishwa, na vipo vya namna hiyo.

Mjumbe mmoja alisema kwamba vigezo hivyo ni vya nchi tajiri. Nilimkumbusha kwamba Ufaransa, tangu Januari 2021, inamlazimisha muuzaji wa kompyuta mpakato kuonyesha alama chini ya 10 inayomweleza mnunuzi jinsi kifaa kinavyotengenezeka, na kwamba sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vya kubebeka ziweze kuondolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027. Ikiwa wenye uwezo wa kununua kipya kila mwaka wanadai kifaa kinachofunguka, sisi tunaonunua kilichotumika tuna sababu kubwa zaidi ya kudai. Mashine zao za leo ndizo tutakazozipata Kariakoo baada ya miaka mitano.

Mtumishi wa umma unayesoma haya, huenda kesho utaketi katika kamati kama yangu, na jedwali litakuja likiwa na safu ya bei na safu ya rangi, pasipo safu ya swali la yule binti. Iongeze kwa mkono wako. Mwanaharakati unayetetea haki ya kupata taarifa, haki ya kufungua kifaa ulichokinunua ni ndugu yake wa tumbo moja, na bado haina msemaji hapa kwetu. Nawe mwanafunzi uliye na fedha ya kikoba mfukoni, usitoke dukani kabla ya kuona taarifa ya betri, kabla ya kumwuliza muuzaji kama RAM inachomoka, na kabla ya kulitazama jina la kichakato na kujua mwaka wake.

Kamati yetu itakutana tena mwezi ujao. Vigezo vinne vimo katika rasimu, na mbele ya kile cha kwanza mtu ameandika kwa penseli: "Je, itapandisha bei?" Nimeandika chini yake, kwa penseli vilevile, zile hesabu za miezi 24 na miezi 60.